Dawa ya Kuchua Ikiwaka, Je, Imefika Kwenye Msuli?

Wasomaji huuliza mengi kuhusu maumivu, lakini yapo maswali matatu yasiyoisha. Mmoja amechua mgongo mpaka ngozi ikawaka moto na maumivu yako palepale. Sasa anataka atajiwe dawa kali zaidi. Mwingine kateguka kifundo cha mguu, jirani anamwambia barafu, mama mkwe anamwambia maji moto. Wa tatu kakata pilipili mchana, usiku unaingia mikono bado inawaka ingawa amenawa hadi vidole vimekunjamana.

Nayajibu pamoja kwa sababu kosa lililomo ni lilelile. Watu hudhani kinachochoma ngozi kinafanya kazi ndani, na kadiri kinavyochoma ndivyo kinavyoponya. Sivyo. Ngozi ina namna yake ya kuhisi na msuli una yake. Dawa inaweza kuishtua ngozi vizuri sana bila msuli uliokuwa unauma kuambulia kitu.

Machache ya kujua kwanza

Sitakuchosha na nadharia. Ncha za neva zinazopeleka habari za maumivu zina protini ndogondogo ziitwazo vipokezi. Kipokezi ni kama kengele ya mlango: hulia ikibonyezwa, awe aliyebonyeza ni mgeni au mtoto mtundu anayepita njia.

Kinachotuhusu zaidi kinaitwa TRPV1, kilichotambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius huko San Francisco, Marekani. Hushtuka joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Hushtuka pia kwa asidi, na kwa kapsaisini, kile kinachoipa pilipili ukali. Ndiyo maana pilipili huchoma ilhali haina moto. Kingine, TRPM8, huitikia baridi na mentholi. Cha tatu, TRPA1, huamshwa na haradali, kitunguu saumu kibichi na mdalasini. Kwa kazi hii na ile ya vipokezi vya mguso, Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Neva za misuli nazo zina vipokezi vyake. Katika wanyama wa maabara, kipokezi kiitwacho ASIC3 kimeonekana kwa wingi zaidi kwenye neva za misuli kuliko za ngozi. Huitikia asidi, hasa inapokuja pamoja na kemikali nyingine zinazotoka msuli unapofanyishwa kazi kupita kiasi au unapokosa damu ya kutosha. Nadharia inaishia hapo.

Anza hapa: maumivu yanatoka wapi?

Kabla hujanunua chochote, kaa chini dakika tano ujipime.

1. Pitisha pamba au pindo la khanga juu ya panapouma. Mguso mwepesi ukiuma au ukiwaka, shida iko kwenye ngozi au kwenye neva yenyewe.
2. Ibane ngozi kwa vidole viwili, uiinue kidogo. Kama haiumi, lakini ukibonyeza kwa dole gumba mpaka ndani unaruka, shaka inahamia kwenye msuli.
3. Kaza msuli bila kusogeza kiungo, kwa mfano kwa kusukuma ukuta. Maumivu yakiongezeka, msuli au kano zake zinahusika.
4. Mwonyeshe mtu panapouma. Anayeonyesha kwa kidole kimoja, mara nyingi ni ngozi. Anayepangusa kwa kiganja kizima akisema "ni hapa, na hapa, mpaka huku", ni ya ndani. Msuli hauna ustadi wa ngozi wa kutaja mahali.
5. Ukisikia ganzi, kuchomwachomwa, au shoti inayoshuka mguuni au mkononi, fikiria neva iliyobanwa au iliyoumia.

Utaniambia yako yana dalili zote. Inawezekana. Msuli uliochokozwa kwa muda mrefu huifanya hata ngozi iliyo juu yake iwe nyepesi kuuma. Maumivu ya ndani pia hupenda kujitokeza mbali na yalikoanzia: ya shingo huonekana begani, ya nyonga gotini, ya moyo kwenye taya au mkono wa kushoto. Hayo ya moyo nitayarudia mbele, maana wapo wanaochuliwa bega huku moyo ndio unaoumwa.

Mikono inapowaka kwa pilipili

Maji matupu hayafui dafu. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kunawa kwa maji peke yake ni kuieneza tu. Fanya hivi:

1. Usishike macho, pua wala mtoto. Na usiende msalani kwanza. Aliyewahi kusahau hili hahitaji maelezo.
2. Paka mafuta ya kupikia mikono mizima, sugua dakika moja au mbili, pamoja na chini ya kucha.
3. Futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa.
4. Osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya baridi. Rudia mafuta na sabuni mara ya pili.
5. Ikiwa bado panawaka, loweka mikono kwenye maji ya baridi au maziwa ya baridi. Ikitulia, iache.

Kosa kubwa hapa ni maji ya moto. TRPV1 iliyokwisha kuguswa na kapsaisini hushtuka kwa joto dogo zaidi, kwa hiyo hata maji ya uvuguvugu utayaona yanaunguza. Kosa la pili ni kupeleka mafuta kwenye jicho. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15, na kama bado haliwezi kufunguka au unaona ukungu, nenda hospitali. Mdomoni, kunywa maziwa au mtindi. Protini yake hushika kapsaisini na kuiondoa ulimini, kazi ambayo maji hayaiwezi.

Je, ngozi imeungua? Kwa kawaida hapana. Kengele imelia bila moto kuwapo, na itanyamaza baada ya saa kadhaa. Ukiona malengelenge, hapo ngozi yenyewe imedhurika na inahitaji mtaalamu. Kama umewahi kujiuliza kwa nini kuku humeza pilipili kichaa bila kupepesa macho, jibu ni kwamba TRPV1 ya ndege haiitikii kapsaisini.

Geuza kopo, usome

Dawa za kuchua zinafanana rangi na harufu lakini hazifanyi kazi moja. Angalia viambato nyuma ya kopo.

Mentholi, kafuri na methili salisileti. Hizi ndizo za kupoza kisha kuwasha, na ndizo zinazojaa madukani. Zinabonyeza vipokezi vya ngozi. Habari ya ubaridi na joto inapofurika kwenye ubongo, ile ya maumivu hupungua kwa muda. Nafuu hiyo ni ya kweli, usikubali mtu akwambie ni mawazo yako. Ila ni fupi, na haiungi msuli uliochanika. Ukijua hivyo utaitumia kwa kile inachoweza: kukupa utulivu wa kulala au wa kunyoosha mgongo.

Kapsaisini. Ipo ya krimu ya asilimia 0.025 na 0.075. Hii ni pilipili iliyopimwa. Mwanzoni inawaka, kisha ncha za neva zikizidi kuguswa huchoka na kupunguza kelele. Sharti ni subira: mara tatu hadi nne kwa siku, kwa wiki kadhaa. Anayepaka leo, akaacha kesho, akapaka tena Ijumaa, anapata ule moto tu bila faida. Inafaa kwa maumivu ya muda mrefu ya magoti na ya viungo vya mikono, na kwa baadhi ya maumivu ya neva.

Diklofenaki ya kupaka. Hii haina mbwembwe. Haiwaki, haipozi, haina harufu ya kujaza basi zima, na ndiyo maana wengi huirudisha dukani wakisema ni hafifu. Lakini kwa kuteguka, kushtuka msuli na maumivu ya goti lililochakaa, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zile mbili za juu. Hupenya mpaka kwenye nyama na viungo vilivyo karibu na ngozi, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo kuliko cha vidonge. Usiitegemee kwa nyonga au kwa mgongo wa ndani. Huko ni mbali.

Namna ya kupaka:

- Osha na kausha ngozi. Jaribu kiasi kidogo kwanza, usubiri hadi kesho uone kama utapata vipele.
- Paka kiasi kilichoandikwa. Kuongeza mara mbili hakuongezi nafuu mara mbili.
- Chua taratibu, ukielekeza mkono upande wa moyo. Kuchua kwenyewe kunasaidia, pengine zaidi ya kilichomo koponi.
- Nawa mikono kwa sabuni. Kama uliyoipaka ni mikono yenyewe, subiri nusu saa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara:

- Kufunga nailoni au plasta juu ya dawa ya kuwasha, au kuweka chupa ya maji moto juu yake. Joto hufungua mishipa ya damu, dawa huingia nyingi kuliko ilivyokusudiwa, na watu wameungua kweli kwa njia hii.
- Kupaka kisha kuoga maji ya moto. Subiri.
- Kupaka kwenye kidonda, malengelenge au ngozi iliyochubuka.
- Kuchanganya tatu kwa mpigo ili "zisaidiane". Ukipata vipele hutajua ni ipi.
- Kutumia methili salisileti wakati unakunywa warfarini, au una mzio wa aspirini. Ni ndugu wa aspirini, na inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mwambie daktari wako.

Na pilipili ya shambani iliyopondwa kwenye vaselini, je? Nakushauri uache. Pilipili mbuzi moja na nyingine hazilingani ukali, na huna namna ya kupima. Kitunguu saumu kibichi ndiyo kabisa: kikifungwa kwenye goti kwa saa kadhaa huacha kidonda cha kuungua, na goti linabaki linauma vilevile.

Barafu au maji moto?

Jirani na mama mkwe wote wana haki, ila kila mmoja kwa wakati wake.

Barafu ni ya jeraha bichi: kifundo kilichoteguka, msuli ulioshtuka uwanjani, mahali palipovimba. Itumie siku mbili za mwanzo.

- Funga barafu kwenye kitambaa chenye unyevu. Isiguse ngozi moja kwa moja.
- Weka dakika 10 hadi 20, kisha toa. Rudia baada ya saa mbili au zaidi.
- Inua mguu juu ya mto. Funga bendeji, lakini vidole vikianza kufa ganzi au kubadilika rangi, legeza.
- Huna friji? Maji ya mtungini na taulo vinatosha.

Joto ni la msuli uliokaza: shingo iliyolala vibaya, mgongo uliokakamaa asubuhi, tumbo la hedhi. Kukanda kwa maji moto dakika 15 hadi 20 kunatosha. Kwa kiungo kilichovimba na kupata moto jana, joto huongeza uvimbe.

Maji yawe moto kiasi gani? Hapa ndipo watu huungua. Kumbuka nyuzi 43: ngozi huanza kulalamika karibu na hapo, na maji ya nyuzi 60 yanaweza kuiunguza vibaya kwa sekunde tano hivi. Hata joto dogo la nyuzi 44 huunguza likikaa saa nyingi, kwa hiyo usilale na chupa ya maji moto mgongoni. Tumbukiza kiwiko chako majini. Kama huwezi kukiacha humo ukahesabu hadi kumi bila kukunja uso, ni moto mno.

Mwenye kisukari, mwenye ukoma, au yeyote mwenye ganzi miguuni asijipimie mwenyewe. Neva zake hazitoi taarifa kwa wakati. Huweza kukanda mguu, asisikie kitu, na kugundua malengelenge jioni. Mtu mwingine apime kwa kiwiko chake.

Niseme na juu ya kumkanda mzazi. Najua ni desturi yenye mapenzi ndani yake, na najua jibu la bibi: "Mbona sisi tulikandwa na tuko wazima?" Joto la wastani kwenye mgongo na miguu ya mama aliyejifungua linatuliza misuli iliyochoka, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni maji yanayotoka jikoni yakichemka, yakitupwa tumboni kwa kitambaa, huku mzazi ameshikwa asikimbie. Maumivu anayoyasikia ni vipokezi vya ngozi vikisema ukweli kwamba ngozi inaungua. Hakuna damu chafu inayotolewa kwa kuunguza ngozi. Kwa hiyo:

- Maji yapite kipimo cha kiwiko kwanza.
- Tumbo lisikandamizwe kwa nguvu.
- Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe karibu na mshono.
- Mzazi akisema inatosha, inatosha.
- Damu ikizidi kutoka, homa ikipanda, au uchafu wa ukeni ukinuka, acha kukanda, mpeleke hospitali.

Ukiungua kwa maji au mafuta, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si ute wa yai, si asali. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi na uangalie kama unahitaji kwenda kituo cha afya.

Siku ya pili baada ya jembe

Umelima shamba la likizo, au umeanza mazoezi Jumamosi. Jumapili uko salama, unajisifu. Jumatatu huwezi kuketi. Maumivu haya huanza baada ya saa nyingi, huwa makali kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka yenyewe.

Mazoea ni kuilaumu asidi laktiki. Hiyo huondoka kwenye msuli ndani ya saa moja au mbili tu baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayokusumbua Jumatatu. Kinachouma ni msuli uliotumika huku unarefushwa, kwa mfano kushusha mzigo au kuteremka mlima. Ukimwuliza aliyeshuka Kilimanjaro atakwambia mapaja yalimuumbua wakati wa kushuka, wala si wakati wa kupanda. Nyuzi za msuli hupata michubuko midogo, na kemikali zinazotokea wakati wa ukarabati huzifanya neva za msuli ziwe nyepesi kushtuka, hata kwa kubonyezwa kidogo.

Ufanye nini?

- Tembea. Mwendo mwepesi wa dakika 20 hupunguza ukakamavu kuliko kulala kitandani.
- Chua taratibu, au oga maji ya uvuguvugu.
- Usirudie kazi ileile nzito kesho yake kwa kisingizio cha "kuutoa".
- Usimeze vidonge kabla ya mazoezi ili kuzuia. Havizuii.
- Wiki ijayo rudia kazi ileile kwa kiasi. Safari hiyo itauma kidogo tu; msuli hujifunza haraka.

Onyo moja tu hapa, na ni zito. Msuli ukiuma vibaya kupita kawaida, ukavimba, na mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nyama ya msuli inavunjika na mabaki yake yanaweza kuua figo.

Vidonge, kwa ufupi

Panapoumia, mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ambazo huzifanya neva za maumivu zishtuke upesi. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzuia utengenezaji wake, na faida yake huonekana zaidi penye uvimbe. Parasetamoli haina nguvu dhidi ya uvimbe, lakini haichubui tumbo.

- Parasetamoli: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini atumie pungufu, kwa ushauri wa daktari.
- Soma pakiti. Zipo tembe zilizochanganya diklofenaki na parasetamoli. Ukiongeza parasetamoli juu yake unazidisha bila kujua.
- Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au moyo asimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila kumwuliza daktari. Mjamzito pia, hasa kuanzia wiki ya 20.
- Aspirini asipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16, isipokuwa daktari akiagiza.
- Misuli yote inauma na una homa? Hiyo si kazi ya kuchua. Pima malaria, na ufikirie dengue, ambayo imewahi kulipuka Dar es Salaam na Mombasa. Mpaka dengue iondolewe kwenye orodha, tumia parasetamoli tu. Zile nyingine huongeza hatari ya kuvuja damu.

"Nichome sindano tu, inafanya kazi haraka." Nalisikia hili kila mahali. Sindano ya diklofenaki ya matakoni ni dawa ileile ya kidonge, na ikichomwa pasipo mahali pake inaweza kujeruhi neva kubwa ya mguu. Kama unaweza kumeza, meza.

Ngozi inauma na hakuna jeraha

Upande mmoja wa mbavu, kiuno au uso unawaka. Nguo ikigusa unashtuka. Siku chache baadaye malengelenge yanajipanga mstari. Huo ni mkanda wa jeshi, virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimejificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo tangu utotoni. Watu hupoteza siku za mwanzo wakipaka dawa za kuwasha na kusema wamerogwa.

Nenda hospitali ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, maana dawa ya virusi hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema. Mkanda ukiwa karibu na jicho, nenda leo. Kubali kupima VVU ukishauriwa, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kinga iliyoshuka. Usipake pilipili, kafuri wala mitishamba mikali juu ya malengelenge. Yakikauka na ngozi ikaendelea kuwaka kwa miezi, zipo dawa za neva anazoweza kukuandikia daktari, na krimu ya kapsaisini ni mojawapo ya njia, ngozi ikishapona kabisa.

Nyayo zinazowaka usiku kwa mtu mwenye kiu isiyoisha na anayekojoa mara kwa mara zinataka kipimo cha sukari kabla ya kitu kingine chochote.

Usichue, nenda

- Kifua kinabana, maumivu yanaelekea taya, bega au mkono wa kushoto, jasho linatoka. Msuli wa moyo ukikosa damu huzishtua neva kwa asidi kama msuli mwingine wowote, na hauonyeshi mahali sawasawa.
- Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kinauma, kina joto. Huenda kuna damu iliyoganda. Kuchua kunaweza kuisukuma hadi mapafuni.
- Mgongo unauma na huwezi kuzuia haja, au sehemu za siri zimekufa ganzi.
- Mkono au mguu umepoteza nguvu ghafla.
- Homa pamoja na shingo iliyokakamaa.
- Kiungo kimepinda, au huwezi kukanyaga hatua nne baada ya kuteguka.

Watoto na makopo

Kafuri ikimezwa na mtoto huleta degedege. Mafuta ya methili salisileti yasiyochanganywa ni hatari zaidi: kijiko kimoja cha chai kinaweza kumuua mtoto mdogo. Weka juu, funga kifuniko, na usihamishie kwenye chupa ya soda. Usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili dawa ya mentholi au kafuri, na kamwe si ndani ya pua. Pumzi yake inaweza kukatika. Akiwa amemeza, usimtapishe. Chukua kopo na mtoto, mwende hospitali.

Ukifika kwa daktari

Usiseme "mwili wote unauma" ukanyamaza. Mwambie maumivu yalianza lini na ulikuwa unafanya nini, kama ni ya kuwaka, kubana au kudunda, kama mguso wa nguo unauma au ni mpaka ubonyeze, yanaelekea wapi, nini kinayapunguza. Kisha mwonyeshe kila ulichopaka na kumeza, pamoja na cha mganga. Beba makopo yenyewe, hata yale uliyoona aibu kuyanunua, kwa sababu majina ya viambato yako kwenye lebo na huwezi kuyakumbuka yote ukiwa kitini.